Mwalimu Aliyefundishwa na Wanafunzi Wake

Wahenga walituachia neno kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na katika ukurasa huu tumelirudia neno hilo mara nyingi, tukiwakumbusha wazazi na walimu wajibu wao mbele ya Mungu. Neno hilo ni la kweli, wala leo hatuna nia ya kulitangua. Lakini zipo nyumba nyingi za Wakristo ambamo mambo huenda kwa namna nyingine. Jumapili asubuhi mama na watoto hushika njia ya kwenda Misa, naye baba hubaki nyumbani. Si mtu mwovu. Huwapenda watoto wake, huwalipia karo, hata mchango wa kuezeka kanisa huutoa pasipo kunung'unika. Ila kizingiti cha kanisa hakivuki. Akina mama wa nyumba hizo huuliza wafanye nini: wagombe, wanyamaze, au wakate tamaa.

Badala ya kuwajibu kwa hoja, twapenda kuwasimulia maisha ya mtu mmoja wa Marekani aliyefariki zamani, mwaka 1931. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mchezaji wa mpira, tena kwa muda mchezaji wa kulipwa, kisha akawa kocha, yaani mwalimu wa timu, aliyesifiwa kupita wote wa wakati wake. Jina lake ni Knute Rockne.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1888 katika mji mdogo wa Voss, nchini Norway, katika familia ya Kilutheri. Baba yake, Lars, alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi, naye alikwenda Chicago kuonyesha kazi ya mikono yake katika maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1893. Mama yake, Martha, akamfuata pamoja na watoto, na Knute wakati huo alikuwa na umri wa miaka 5. Hivyo alikulia Chicago, katika mitaa ya wahamiaji, akijifunza Kiingereza na michezo kwa pamoja. Familia haikuwa na mali. Alipokuwa kijana alifanya kazi Posta kwa miaka kadhaa, akiweka akiba kidogo kidogo, kwa sababu alikuwa na kiu ya elimu ya juu.

Akiba ilipotosha, mwaka 1910, alikuwa amekwisha timiza miaka 22. Rafiki zake wakamshauri aende Notre Dame, chuo kikuu kilicho karibu na mji wa South Bend, katika jimbo la Indiana. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin, Mfaransa, wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Shirika hilo si geni kwetu Afrika ya Mashariki: mapadre wake walifika Uganda mwaka 1958, na mmoja wao, Vincent McCauley, akawa Askofu wa kwanza wa Fort Portal mwaka 1961. Rockne aliingia hapo akiwa Mlutheri katikati ya Wakatoliki, mtu mzima katikati ya vijana, na maskini aliyelazimika kujitafutia karo kwa kufanya kazi katika maabara ya kemia. Alisoma kwa bidii, akahitimu mwaka 1914 kwa alama za juu. Kisha akawa msaidizi katika mafundisho ya kemia chini ya Padre Julius Nieuwland, mtaalamu ambaye uchunguzi wake ulisaidia baadaye kupatikana kwa mpira wa kutengenezwa viwandani. Twalitaja jambo hili kusudi vijana wetu wasidhani kwamba mtu huyu aliishi kwa nguvu za miguu peke yake.

Sasa yafaa tueleze kidogo mchezo wenyewe, maana si kandanda tunayoijua sisi. Katika mpira wa Kimarekani kila upande una wachezaji 11, na mpira wenyewe umechongoka pande mbili. Hushikwa kwa mikono, hubebwa kifuani, na wachezaji hukumbana kwa miili yao ili kumzuia mwenye kuubeba asifike mwisho wa uwanja. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchezo huo ulikuwa wa kutisha. Vijana walikufa viwanjani, hata mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa vyuo washauriane jinsi ya kupunguza hatari. Mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa, na kati ya mambo mapya iliruhusiwa kuurusha mpira mbele kwa mkono, juu ya vichwa vya wapinzani.

Ruhusa ilikuwapo, lakini timu nyingi kubwa hazikuitumia sana. Wakati wa likizo ya mwaka 1913 Rockne na rafiki yake Gus Dorais walipata kibarua pwani ya Ziwa Erie, mahali paitwapo Cedar Point. Kila walipopata nafasi walishuka mchangani, Dorais akirusha, Rockne akikimbia na kuudaka, siku baada ya siku. Tarehe 1 Novemba mwaka huo Notre Dame, chuo ambacho watu wa mashariki ya Marekani walikidharau, kilicheza na timu ya chuo cha maofisa wa jeshi huko West Point. Wanajeshi walikuwa wakubwa wa miili na wenye sifa. Mpira ukawa unapita juu ya vichwa vyao, na mwisho wa mchezo Notre Dame walikuwa na pointi 35, jeshi 13. Watu wengine husema kwamba vijana hao wawili ndio waliobuni urushaji huo. Sivyo; ruhusa ilikuwa na umri wa miaka 7. Wao walifanya mazoezi ya jambo ambalo wengine walikuwa wameliacha.

Baada ya masomo Rockne alimwoa Bonnie Skiles, mwaka 1914. Alibaki chuoni, akifundisha kemia na kumsaidia kocha Jesse Harper. Na ili kuongeza pato la nyumba alicheza siku za Jumapili kwa malipo katika timu za Ohio, kama ile ya Massillon mwaka 1915. Siku hizo mpira wa kulipwa haukuwa na heshima wala mpango. Chama ambacho baadaye kilikuwa ligi kuu ya Marekani kiliundwa mwaka 1920 tu. Rockne alionja maisha hayo, lakini hakuyafanya makao yake. Mwaka 1918 alikabidhiwa timu ya Notre Dame, akaiongoza kwa majira 13.

Katika majira hayo timu yake ilicheza michezo 122, ikashinda 105, ikashindwa 12, ikatoka sare 5. Mara tano, yaani mwaka 1919, 1920, 1924, 1929 na 1930, ilimaliza bila kushindwa hata mara moja. Alipendelea wepesi na akili kuliko unene. Wale wanne wa nyuma waliopata sifa mwaka 1924, ambao mwandishi mmoja wa gazeti aliwafananisha na wapanda farasi wa Kitabu cha Ufunuo, walikuwa na wastani wa kilo 72 hivi, uzito wa kijana wa kawaida. Aliwazoeza kwenda pamoja, kila hatua kwa wakati wake, kama watu wa ngoma wanaosikia mlio mmoja. Tena mara nyingi alianza mchezo kwa kuwatanguliza wachezaji wa akiba ili wawachoshe wapinzani, ndipo akawaingiza walio bora.

Ushindi huo ulikuwa na maana kubwa kwa Wakatoliki wa Marekani. Wengi wao walikuwa wahamiaji, Waairishi, Wapolandi na Waitalia, wachimbaji makaa na vibarua wa viwandani, na palikuwa na watu waliowaona si raia kamili. Miaka hiyo chama cha Ku Klux Klan, kilichowachukia watu weusi, Wayahudi na Wakatoliki pia, kilikuwa na nguvu nyingi katika jimbo lile lile la Indiana. Mwezi wa Mei 1924 wanachama wake walikusanyika South Bend, wanafunzi wa Notre Dame wakapambana nao barabarani, mpaka Mkuu wa Chuo, Padre Matthew Walsh, alipokwenda mwenyewe kuwatuliza na kuwarudisha. Miezi michache baadaye timu ya chuo hicho ilianza majira ya kushinda kila mchezo, na tarehe 1 Januari 1925 iliwashinda Stanford huko California kwa pointi 27 kwa 10. Vibarua ambao hawakupata kukanyaga chuo chochote waliiita timu hiyo yao.

Lakini hapa ndipo tulipotaka kufika. Kocha wa timu hiyo, ambayo Wakatoliki wa Marekani waliifanya fahari yao, hakuwa Mkatoliki. Mke wake alikuwa katika Kanisa, na watoto wake walikuwa wakilelewa katika Kanisa. Yeye alikula na mapadre, alifanya kazi na mapadre, aliwapeleka vijana wake mahali walipotakiwa, akaishia hapo. Tangu alipoingia chuoni mwaka 1910 ilikuwa imepita miaka mingi.

Wakati huo palikuwa na padre kijana, John O'Hara, aliyekuwa mlezi wa roho za wanafunzi, na ambaye baadaye akawa Kardinali wa Philadelphia. Papa Pius wa Kumi alikuwa ametoa amri mwaka 1905 kuwahimiza waamini wakomunike mara kwa mara, hata kila siku, na mwaka 1910 akawafungulia watoto wadogo meza ya Bwana. Padre O'Hara aliyachukua mafundisho hayo kwa moyo wote. Aliwafundisha wanafunzi kwamba Komunyo si zawadi ya watakatifu bali ni chakula cha wenye njaa. Na wachezaji wa mpira wakawa miongoni mwa waliomsikia. Walipokuwa safarini walitafuta kanisa la karibu. Tukumbuke kwamba mfungo wa Ekaristi wa siku zile ulianza usiku wa manane, bila kula wala kunywa hata maji, nao walikuwa vijana wenye mchezo mzito mbele yao siku ile ile.

Rockne mwenyewe alisimulia baadaye jambo lililomchoma. Walikuwa hotelini huko mashariki kabla ya mchezo mkubwa. Yeye usingizi ulimpaa kwa wasiwasi, akashuka alfajiri ukumbini, akaketi. Mara akawaona vijana wake wawili watatu wakishuka haraka na kutoka mlangoni, kisha wengine, kisha wengine tena. Akauliza, akaambiwa wanakwenda Misa. Hakuna aliyewaamuru, wala hakuna aliyemwita aandamane nao. Akawafuata. Huko kanisani akawaona wakiiendea Komunyo, vijana wale wale aliowafundisha jinsi ya kukumbana na kuanguka, wakipiga magoti kama watoto. Akaona kwamba wana kitu ambacho yeye mwalimu wao hana, na kwamba kwa ajili ya kitu hicho wako tayari kuacha usingizi ambao yeye mwenyewe amewaagiza walale.

Hakuamua siku hiyo. Alikwenda kwa utaratibu wa msomi, akapata mafundisho ya dini kwa Padre Vincent Mooney. Tarehe 20 Novemba 1925 alipokewa katika Kanisa Katoliki, katika kikanisa kidogo cha magogo hapo chuoni, akiwa na umri wa miaka 37. Kesho yake alipokea Komunyo ya kwanza pamoja na mwanawe mdogo, Knute, ambaye naye alikomunika mara ya kwanza. Baba na mtoto walifika kwenye meza moja siku moja. Wazazi wanaosoma haya watafahamu bila sisi kuongeza neno.

Adhuhuri ya siku hiyo timu ilicheza na Northwestern. Nusu ya kwanza Notre Dame walikuwa nyuma, pointi 0 kwa 10. Mwisho wakashinda 13 kwa 10. Je, tuseme ulikuwa muujiza? La hasha. Siku 5 baadaye walikwenda Nebraska wakapigwa 17 kwa 0, na mwezi wa Oktoba, wachezaji wakiwa na desturi zile zile za kusali, jeshi lilikuwa limewapiga 27 kwa 0. Mwaka ambao Rockne aliingia Kanisani ulikuwa mmoja wa miaka yake isiyo na sifa nyingi. Imani si hirizi ya kuvalia uwanjani. Anayetaka kuwa Mkristo ili ashinde mchezo, afaulu mtihani au apate cheo, atamwacha Kristo siku atakaposhindwa.

Wala hatuandiki maisha ya mtakatifu. Rockne alipenda sifa, na ulimi wake ulikuwa mwepesi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1922, ili kuwatia wachezaji uchungu, aliwaambia kwamba mtoto wake ni mgonjwa hospitalini, nao waliporudi wakamkuta mtoto akicheza kwa afya. Mwaka 1928 aliwatia moyo kwa kuwaeleza ombi la mwisho la George Gipp, mchezaji wake aliyefariki mwaka 1920. Wachunguzi wengi wametia shaka kama ombi hilo liliwahi kutolewa. Tena mwezi mmoja tu baada ya Komunyo yake ya kwanza aliafikiana na Chuo Kikuu cha Columbia cha New York ahamie huko, hali bado ana mkataba na Notre Dame. Habari zilipofika magazetini akajiondoa. Ubatizo humpa mtu mwanzo mpya. Haumpi moyo uliokwisha kukomaa. Na kocha aliyewadanganya vijana kwa ajili ya ushindi alihitaji kuwa karibu na vijana wasiomdanganya Mungu.

Mwaka 1929 aliugua mishipa ya mguu, hata maisha yake yakawa hatarini. Madaktari walimkataza, lakini aliendelea kufundisha akiwa amebebwa au ameketi katika kiti cha magurudumu. Mwaka huo chuo kilikuwa kikijenga uwanja mpya, hivyo timu haikucheza nyumbani hata mara moja, na bado haikushindwa. Mwaka 1930 ilishinda michezo yote 10.

Tarehe 31 Machi 1931, Jumanne ya Juma Kuu, Rockne alipanda ndege Kansas City kwenda Los Angeles, ambako alihitajika kwa shughuli ya filamu. Karibu na kijiji cha Bazaar, katika malisho ya ng'ombe ya jimbo la Kansas, bawa la ndege lilikatika angani. Watu wote 8 walikufa. Rockne alikuwa na miaka 43. Inasimuliwa kwamba rozari ilionekana pamoja na mwili wake. Bawa lile lilikuwa la mbao zilizounganishwa kwa gundi, na kilio cha taifa zima kiliilazimisha serikali kukaza ukaguzi wa ndege. Makampuni nayo yakaharakisha kutengeneza ndege za abiria za chuma kitupu. Basi hata msafiri wa leo amefaidika na kifo hicho pasipo kujua.

Mazishi yalifanyika Jumamosi Kuu, tarehe 4 Aprili, katika kanisa la Moyo Mtakatifu la Notre Dame. Padre Charles O'Donnell, Mkuu wa Chuo, alihubiri, na redio ikayatangaza mazishi nchi nzima. Mfalme Haakon wa Norway alimpa nishani mwana wa Voss aliyeondoka mtoto. Waliobeba jeneza ni wachezaji wa timu yake ya mwisho. Miaka ile vijana walikuwa wamemtangulia kwenda kanisani, naye akawafuata. Siku hiyo walimbeba.

Turudi sasa kwa akina mama tuliowataja mwanzoni. Twaona mambo mawili katika maisha haya. La kwanza, hakuna aliyemsukuma Rockne. Mapadre waliishi naye miaka 15 kabla hajaingia Kanisani, na hawakumfanya aone haya kwa kuwa mgeni katika imani. Subira ya namna hiyo si uvivu. Ni heshima kwa Mungu, ambaye ndiye avutaye mioyo. La pili, vijana wale hawakwenda Misa ili kocha awaone. Laiti wangalikwenda kwa kusudi hilo, mtu mwenye akili kama yeye angalitambua mara moja, na pengine asingaliinuka kitini. Walikwenda kwa sababu walihitaji kwenda.

Kwa hiyo mama asimgombeze mumewe, wala asiwatume watoto wamhubirie baba yao. Awafundishe watoto kusali kweli, kuungama kweli, kusema kweli, na kuamka mapema wakati ambapo hakuna anayewaona. Kazi iliyobaki si yake. Nasi walimu na mapadre, tuliozoea kusimama mbele ya vijana na kuwaonyesha njia, tukubali kwamba kuna siku tutawaona wao wakiwa mbele. Siku hiyo tusikae ukumbini kwa ajili ya cheo chetu, tuinuke, tuwafuate.